Tunapowachua vijana wetu, tunawatibu au tunawaumiza?



Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuiweke kando mijadala mikubwa tuliyoizoea, tuzungumze habari ya kifundo cha mguu. Usicheke. Ukipita kiwanja chochote cha mchangani hapa Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, iwe Temeke, Magomeni au Mbagala, hutakosa kumkuta kijana amekaa pembeni kaushika mguu, wenzake wamemzunguka, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anasema avutwe, yule anasema achuliwe, na wa tatu keshatumwa kuchemsha maji.

Mimi nilikuwa wa maji ya moto. Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, si daktari, na haya ninayoyaandika nimejifunza baada ya kukosea. Nayaeleza kwa sababu naamini kosa langu linafanyika kila wiki katika viwanja vyetu, na wanaolifanya ni watu wenye nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Kisa chenyewe

Ilikuwa mwaka 2018. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye umri wa miaka 14, alikanyaga shimo katika mechi ya madarasa, mguu ukapinda kwa ndani. Nilimbeba mpaka ofisini, nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamkanda kwa taulo. Kisha nikamwita mzee mmoja wa jirani anayesifika kwa kuchua. Alimchua karibu nusu saa. Kijana aliuma kola ya shati, akasema, "Ustadhi, basi, inatosha." Nikamjibu, "Vumilia, mwanamume halii."

Siku zilizofuata alikuja shuleni akichechemea. Nikawa namhimiza atembee ili mguu usikakamae. Siku ya kumi na moja mama yake alinijia. Hakuja kugomba. Alisema, "Ustadhi, mwanangu usiku halali. Nilikuwa nangoja neno lako, maana wewe ndiye uliyemhudumia."

Tulikwenda hospitali, akapigwa eksirei. Mfupa mwembamba wa upande wa nje ulikuwa umevunjika karibu na mwisho wake, mahali ambapo mfupa wa kijana bado unakua. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Siku ile alipoumia, aliweza kupiga hatua nne?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikumwuliza. Nilimwambia avumilie tu.

Alhamdulillah, kijana yule alifungwa plasta na akapona. Lakini siku zile kumi na moja za maumivu nilimsababishia mimi. Na mama yake alichelewa kumpeleka hospitali kwa kuniamini mimi. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini nisome.

Nini hutokea mguu unapoteguka

Kifundo cha mguu kimeshikiliwa na kano, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Mara nyingi mguu hupinda kwa ndani, kwa hiyo kano za upande wa nje ndizo zinazovutika kupita kiasi au kuchanika. Mishipa midogo ya damu hukatika, damu na maji huvuja ndani ya nyama, na ndani ya muda mfupi unaona uvimbe. Baadaye ngozi hugeuka rangi, na kwa siku kadhaa rangi hiyo huweza kushuka mpaka kisigino na vidole.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mishipa imepasuka na inavuja. Ukiweka maji ya moto, mishipa inatanuka na damu inakuja kwa wingi zaidi. Ukikandamiza kwa vidole na kuzungusha kifundo, unazidi kuzivuta nyuzi zilizochanika. Ndiyo maana mtu aliyechuliwa jioni huamka asubuhi mguu umejaa kama umepigwa mara ya pili. Sisi husema, "Uvimbe wa ndani umetoka nje." Ukweli ni kwamba tumeuongeza kwa mikono yetu.

Swali la kwanza: ni jeraha la nyumbani au la hospitali?

Majeraha mengi ya michezo ni madogo na yanatibika nyumbani. Silaumu watu wanaoogopa gharama za hospitali, kwani mzazi akisikia eksirei hufikiria kwanza fedha ya chakula cha kesho. Hata hivyo, ipo njia ya kupambanua inayotumiwa na madaktari duniani. Ilitayarishwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992, makusudi ili watu wasipigwe eksirei bila sababu. Mtu yeyote anaweza kuielewa.

Kifundo kikiuma baada ya kuteguka, eksirei inahitajika iwapo mojawapo ya haya lipo:

1. Hawezi kupiga hatua nne, si pale alipoumia wala baadaye anapochunguzwa. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni hatua. Asiyeweza kufikisha hatua hizo nne hata kwa kuchechemea ndiye anayekusudiwa.

2. Anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe nyuma ya vifundo viwili vinavyochomoza, cha ndani au cha nje, kuanzia ncha yake na kupanda juu kiasi cha sentimita 6.

3. Maumivu yapo katikati ya unyayo wa juu, na anaumia ukibonyeza mfupa wa ukingo wa nje ambapo kuna kinundu, usawa wa katikati ya mguu, au mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo.

Kama hakuna hata moja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na unaweza kuanza matibabu nyumbani. Lakini kwa watoto na vijana wanaoendelea kukua, ongeza tahadhari. Ile sehemu ya mfupa inayokua ni laini kuliko kano, hivyo ajali inayomtegua mtu mzima inaweza kuvunja mfupa wa kijana. Mtoto akiendelea kukataa kukanyaga kesho yake, mpeleke.

Aidha, usisubiri kipimo chochote kama mguu umepinda vibaya, mfupa unaonekana, vidole vimekuwa vya baridi au vimekufa ganzi, au kiungo kimechomoka mahali pake. Bega au kidole kilichochomoka kisivutwe na mtu asiyefunzwa, kwani mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu sana na viungo hivyo. Kitegemeze kama kilivyo na kwenda hospitali.

Siku mbili tatu za mwanzo

Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni iliyoenea kila pembe: pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alilegeza msimamo wake juu ya barafu, akisema uvimbe nao ni sehemu ya mwili kujitibu. Kwa hiyo leo barafu inatazamwa zaidi kama kitulizo cha maumivu cha mwanzoni, na mapumziko hayakusudiwi kuwa ya muda mrefu. Tufanye hivi:

Kwanza, atoke uwanjani. Asiambiwe "kanyaga itaachia". Mguu uliokwisha teguka ukilazimishwa kukimbia unageuza jeraha la wiki mbili kuwa la miezi mitatu.

Pili, baridi. Si lazima kuwa na vifaa vya klabu kubwa. Chupa ya maji iliyogandishwa, iliyozungushiwa kipande cha kanga, inatosha. Weka dakika 10 hadi 15, zisizidi 20, kisha ondoa. Unaweza kurudia baada ya saa mbili au tatu kwa siku ya kwanza na ya pili. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja, maana nayo huunguza kama moto. Umeme ukikatika, tumbukiza mguu katika ndoo ya maji ya baridi.

Tatu, bandeji ya kuvutika, ile inayouzwa maduka ya dawa. Anza kufunga karibu na vidole, panda juu kupita kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Acha vidole nje uvione. Vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au vikianza kufa ganzi, umekaza mno. Fungua ufunge upya. Usilale nayo ikiwa imekaza.

Nne, inua mguu. Alale chali, mguu juu ya mito, uwe juu zaidi ya usawa wa moyo. Kukaa kwenye kiti huku mguu ukining'inia hakusaidii.

Tano, yaepukwe maji ya moto, kuchua na dawa za kupaka zinazochoma. Hizo dawa za kupaka zina wakati wake, lakini siku hizi tatu za mwanzo si wakati wake.

Kuhusu vidonge, kwa mtu mzima mwenye afya paracetamol ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa sita, yatosha. Asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima, na asiyatumie kabisa mwenye ugonjwa wa ini bila ushauri. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake; usimkatie kidonge cha baba kwa kukisia. Diclofenac na ibuprofen, ambazo vijana wetu wanazimeza kama karanga, zinaweza kuchubua tumbo na kuleta vidonda, hasa zikimezwa na njaa. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu aulize kwanza.

Ama kuhusu mchuaji

Sitaki nieleweke kwamba nawabeza wazee wetu. Yule mzee niliyemwita ni mtu mwema, na aliitikia wito wangu. Kuchua kuna manufaa kwa misuli iliyochoka na kwa kiungo kilichokakamaa baada ya uvimbe kutulia. Tatizo ni wakati na mahali.

Upo mfano mmoja ambao kila mcheza mpira anapaswa kuujua. Mchezaji akipigwa goti kwenye paja, damu huvilia ndani ya msuli. Ikichuliwa kwa nguvu siku za mwanzo, inazidi kuvuja, na baadhi ya watu hufikia hatua ya kuota mfupa ndani ya nyama ya paja. Si uchawi, wala hakutupiwa kitu. Ni jeraha lililosumbuliwa kabla halijatulia. Baridi, bandeji na kupumzika kungetosha.

Michubuko, pua na kichwa

Viwanja vyetu ni vya mchanga na kokoto, hivyo magoti na viwiko huchubuka kila siku. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke, hata kama anapiga kelele. Kausha, funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, majani ya chai wala mafuta ya taa. Kidonda kirefu au chenye uchafu kinahitaji kuangaliwa chanjo ya pepopunda; kama imepita miaka mitano tangu achanjwe mara ya mwisho, au hakumbuki, apelekwe zahanati.

Damu ya pua: akae, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mfululizo huku akipumua kwa mdomo. Tulizoea kuwainua vichwa juu, na matokeo yake wanameza damu na kutapika. Ikipita nusu saa haijakatika, hospitali.

Kichwa ni jambo zito. Kijana aliyegongwa kichwani akachanganyikiwa, akasahau matokeo ya mechi, akaona kizunguzungu au kichefuchefu, asirudi uwanjani siku hiyo hata kama anasema yuko sawa, na hata kama ndiye mfungaji wenu. Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akazidiwa na usingizi usio wa kawaida, akapata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Mgonjwa na ibada yake

Hapa ndipo wanafunzi wangu huniuliza zaidi. Bandeji ya kuvutika ya mguu ulioteguka kwa kawaida hufunguka bila madhara. Basi wakati wa udhu ifungue, osha mguu, uutazame, ufunge upya. Kuna faida mbili: udhu umetimia, na mara tano kwa siku umekagua kama vidole viko salama. Ama aliyefungwa plasta, au aliyekatazwa maji na daktari, ataosha palipo pazima na kupangusa juu ya kilichofunika, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanaongeza tayammam. Kwa ufafanuzi wa hali yake, amwone shekhe wa msikiti wake.

Ama swala, nimewaona vijana wakijilazimisha kukaa tahiyatu kama kawaida huku machozi yanawatoka. Tazama mkao wenyewe: mguu wa kushoto unalazwa na kupinda kwa ndani, mkao ule ule uliochana kano. Dini haikumtaka mgonjwa ajiumize. Mtume (s.a.w) mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, akachubuka ubavu, na akaswali hali ya kuwa amekaa. Habari hii imo katika Sahih Bukhari. Basi asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukunja mguu aunyooshe.

Na katika Ramadhani, barafu, bandeji na kuinua mguu havigusi funga. Vidonge vya maumivu ya kawaida vinaweza kungoja futari, na visubiri baada ya kula, si kabla.

Kurudi uwanjani

Kosa la pili tunalofanya baada ya kuchua ni haraka. Mguu uliowahi kuteguka ni rahisi kuteguka tena, hasa ukirudishwa mapema. Lakini kulala kitandani wiki tatu nako hudhoofisha. Baada ya siku mbili tatu, aanze kuuchezesha taratibu: akiwa amekaa, aandike hewani kwa kidole gumba cha mguu herufi za A mpaka Z. Atembee kadiri maumivu yanavyoruhusu. Akishaweza kutembea bila kuchechemea, asimame kwa mguu ule mmoja, kwanza sekunde 10, kisha 30, karibu na ukuta. Zoezi hili dogo linaimarisha uwezo wa kifundo kujizuia kupinda, na linapunguza kuteguka tena.

Kisha akimbie mbio za moja kwa moja, halafu za kukata kona, halafu aruke kwa mguu mmoja. Akipita yote bila maumivu, acheze. Mteguko mdogo huchukua wiki moja hadi tatu, mkubwa huchukua zaidi. Kama baada ya wiki moja hali haibadiliki, au mguu unazidi kuvimba, hilo si la nyumbani tena.

Tufanye nini?

Napendekeza jambo jepesi. Kila timu ya mtaa, kila shule na kila kundi la vijana wa msikiti wanaocheza mpira wa asubuhi liwe na mfuko mmoja: bandeji mbili za kuvutika, sabuni, vitambaa safi, pamba, glovu, mkasi, na chupa mbili za maji zilizogandishwa kutoka nyumba iliyo karibu. Gharama yake wakichangiana vijana kumi na mmoja haifiki bei ya jezi mpya. Na awepo mtu mmoja anayejua lile swali la hatua nne.

Pale shuleni kwetu mfuko huo upo tangu mwaka 2019. Aliyeubeba kwa mara ya kwanza ni yule yule kijana wangu, na aliubeba mpaka alipomaliza kidato cha nne. Siku moja mdogo wake aliteguka. Nilipofika pembeni ya uwanja nilimkuta amekwisha mketisha, chupa ya barafu iko juu ya mguu. Alikuwa akimwuliza kwa upole, "Unaumia wapi? Jaribu hatua nne, ukishindwa acha." Mdogo wake alikuwa analia, na hakumwambia anyamaze.

Nilisimama nyuma yao nikaona haya. Neno hilo ndilo nililopaswa kusema mimi, mtu mzima na mwalimu. Ndugu wazazi na walimu wenzangu, kijana akikwambia "basi, inatosha", msikilize. Maumivu yake yanakueleza mahali palipoharibika.

Wabillahi tawfiq.